Mwenye nyumba anataka nimwone binti yake, kodi aifute. Nimjibuje?

BintiMkonge aliandika:

Habari zenu wana jukwaa, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwanasaikolojia, bado mchanga kazini. Nina shahada ya kwanza, nafanya kazi kwenye chumba cha ushauri nasaha cha kliniki moja ya binafsi hapa Tanga mjini. Msimamizi wangu yuko Dar na tunaongea kwa simu akipata nafasi. Nimepanga Ngamiani, barabara siitaji. Ni zile nyumba zetu za Kiswahili: vyumba kulia na kushoto, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Kuta hazifiki juu. Ukipiga chafya usiku, chumba cha mwisho wanakuombea rehema. Silalamiki, nyumba naipenda, ila mtaona kwa nini nimelitaja.

Mama mwenye nyumba anaishi humo humo, chumba cha mbele. Jioni anakaanga bajia barazani, na nusu ya mtaa huja kununua, nusu huja kupiga soga. Ana binti aliyemaliza shule, amevuka miaka 18 (umri kamili nauacha, na mambo mawili matatu nimeyageuza asijulikane). Kwa muda sasa binti halali, chakula anakigusagusa tu, mchana kutwa yuko chumbani kajifungia. Juzi mama kaniita, kanikalisha kwenye mkeka, kanimiminia chai ya tangawizi, akasema: "Mwanangu, si ndiyo kazi yako hii? Muone mwenzio. Kodi ya miezi mitatu usilete. Ila utakuwa unaniambia anayokwambia, maana mimi mamake hanifungukii."

Nikamwambia nipe siku mbili nifikiri. Kanuna kidogo.

Chuoni tulifundishwa: usiwe na uhusiano wa pili na mteja. Mwalimu alisema hivyo, tukaandika, tukafanya mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia mji ambao kila mtu ni shangazi wa mtu utafanyaje. Nikikataa nitaonekana nimejivuna na elimu. Nikikubali, naona kama nimeuza kitu ambacho si changu. Na wateja wangu wengine nakutana nao sokoni, harusini, hata kwenye foleni ya kuchota maji. Wenzangu wa mikoani mnaishije?

KijanaWaBaiskeli:

Kodi ya miezi mitatu kisha unauliza swali! Chukua dada, maisha yamepanda. Halafu hiyo nyumba ni barabara ya ngapi? Nami natafuta chumba 😂

MwanaPangani:

BintiMkonge, usimjibu huyo. Ukitaja barabara tu, mwenye bajia atajulikana kabla ya magharibi.

MamaWaWatatu:

Mimi nitaongea kama mzazi, mnisamehe. Mtoto nimembeba tumboni, nimemsomesha, nalala macho kwa ajili yake, halafu mtaalamu aniambie "hiyo ni siri". Siri na mimi mamake? Hayo ni ya Wazungu. Kwetu mtoto ni wa mzazi mpaka aolewe, na akishaolewa bado ni wako. Dada, msaidie huyo mama, mwambie anayotakiwa kujua. Kodi mrudishie ukipenda.

BiMstaafu:

BintiMkonge mwanangu, marahaba. Nimestaafu, naishi Chumbageni, kazi hii nimeifanya hapa hapa Tanga tangu wakati ambapo ukisema wewe ni mwanasaikolojia watu wanakuuliza unasoma viganja au nyota. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako ni zuri na kwa sababu umeme umekatika, sina la kufanya.

Kwanza hilo la chuoni. Mwalimu wako alikupa nusu. Kanuni za maadili za Chama cha Saikolojia cha Marekani, APA, ambazo ndizo wengi wetu tulisomeshwa, zina kifungu cha 3.05 kuhusu mahusiano ya zaidi ya upande mmoja. Kinasema ujizuie pale ambapo uhusiano wa pili unaweza kukupunguzia uwezo wa kuona na kuamua sawasawa, au unaweza kumdhuru mteja au kumnyonya. Kisha kuna sentensi ambayo watu huiruka: uhusiano wa pili ambao kwa akili ya kawaida hautegemewi kuleta hayo, si kosa. Kwa hiyo kumjua mtu si dhambi. Kungekuwa dhambi, Tanga hii tusingekuwa na hata mtaalamu mmoja anayefanya kazi kihalali.

Na usidhani hilo ni tatizo letu peke yetu. APA walipotunga kanuni zao za kwanza, zilizotoka mwaka 1953, hawakukaa wazee wachache mezani wakabuni. Waliwaandikia wanachama wao, zaidi ya 7,000, wawaletee visa vilivyowakuta kazini vikawakosesha usingizi. Kanuni zikatoka kwenye visa. Baadaye, mwaka 1992, watafiti wawili, Pope na Vetter, walirudia zoezi hilo, wakapata visa 703. Kilichoongoza ni siri za wateja. Kilichofuata, kwa tofauti ndogo mno, ni haya yako: mahusiano yaliyochanganyika. Na baadhi ya visa hivyo vilitoka miji midogo na vijiji vya huko huko Marekani. Mtaalamu ni yeye peke yake mjini, na fundi wa gari lake ndiye mteja wake. Wao hawana bajia barazani, lakini shida ni moja.

Sasa tupime lako. Unapanga kwake. Akikasirika anaweza kukutoa. Binti akikuambia jambo baya kuhusu mama yake, na mabinti husema, wewe utalisikia ukiwa na roho huru au utakuwa unahesabu kodi kichwani? Halafu tiba yenyewe utaifanyia wapi? Kliniki, sawa. Lakini akitoka huko mnarudi nyumba moja, mnapishana ukumbini na ndoo ya maji, naye anakumbuka alichokulilia saa nne asubuhi. Atapumulia wapi? Hapo ndipo panaponifanya niseme hapana. Si kwa sababu mnajuana. Ni kwa sababu hakuna mlango wa kutokea, wewe huna na yeye hana.

Na hiyo kodi. Kifungu cha 6.05 kinaruhusu kupokea kitu au huduma badala ya fedha kwa masharti mawili: isiharibu tiba, na isiwe unyonyaji. Mimi nimeletewa samaki, changu na kolekole, kutoka soko la Deep Sea, nimeletewa maembe, nimeletewa kanga ya mji mpya. Samaki mmoja wa shukrani ukimrudisha mlangoni umemtukana mtu, na siku hiyo hiyo umeua tiba. Nampokea, nashukuru, naandika kwenye faili tarehe na kitu. Kuandika kunasaidia: ukiona mkono wako unasita kuandika, jua hicho kitu hakikuwa zawadi. Ila kodi ya miezi mitatu si samaki. Hapo umelipwa na mtu ambaye si mteja, kwa kazi isiyojulikana itachukua muda gani, na malipo yenyewe yanakuja na kamba: "utakuwa unaniambia".

Na hilo la kukutana na wateja sokoni na harusini nimelipenda, kwa sababu vitabu vimeandikwa na watu wasiojua shikamoo. Wao wanafundisha: ukikutana na mteja njiani usimsalimie mpaka aanze yeye, usije ukamfichua. Haya, mimi binti wa Kidigo nimpite bibi wa miaka sabini pale soko la Mgandini bila kumwamkia? Ndiyo kwanza watu watauliza wana nini hawa. Ninachofanya ni hiki: siku ya kwanza kabisa, kabla hajaanza kueleza shida yake, namwambia tutakutana nje, mji ni mdogo. "Nikikuona nitakuamkia kama ninavyoamkia watu wote, na nitapita. Sitakuuliza unaendeleaje. Ukinijia na habari zako mbele za watu nitakwambia tuonane kazini. Si kwamba nimekuchukia." Wengi hucheka, na bega linashuka. Kuna mmoja alinijibu, "Basi na wewe Bi, nikikuona unagombana na muuza nyanya sitasema." Tukaanza kazi vizuri.

Harusini vivyo hivyo. Sikai meza moja na mteja kama ninaweza kuepuka, na nikishindwa nakula pilau yangu kimya.

BintiMkonge:

Bi, nashukuru sana. Hiyo ya kamba kwenye malipo ndiyo iliyokuwa inanikereketa, nilikosa namna ya kuisema.

Ila nikimkatalia, nampeleka wapi? Na nikiri wazi, hata kama angekuwa binti wa mtu nisiyemjua, kuna jambo linanitia wasiwasi. Usiku namsikia anatembea. Si kwenda chooni, anatembea tu chumbani, mpaka adhana ya alfajiri. Mchana ukimsalimia anachelewa kujibu, kama anasikiliza jambo jingine kwanza. Sijui kama hili ni la maneno tu.

ZamuYaUsiku:

Muuguzi wa afya ya akili hapa, nimefanya Tanga na sasa niko wilaya nyingine ya mkoa huu huu. Shikamoo Bi.

BintiMkonge, acha kodi kwanza. Ulichoandika hapo mwisho ndicho kikubwa. Mtu asiyelala, asiyekula, anayesikiliza jambo ambalo nyinyi hamlisikii, anahitaji daktari kabla ya mnasihi. Inawezekana ni sonona, inawezekana ni mwanzo wa ugonjwa mwingine wa akili, inawezekana pia ni tezi ya shingo, upungufu wa damu, au mimba ambayo mama hajaambiwa. Nimeyaona yote hayo yakiitwa "mawazo". Aende hospitali ya mkoa, Bombo, apimwe na mwili. Kifungu cha 2.01 cha hao APA wenu si kinasema fanya kazi ndani ya mipaka ya ujuzi wako? Huu ndio mpaka wenyewe, na kuutambua ni sehemu ya ujuzi.

Kama mnatumia lile dodoso la kupimia sonona, PHQ-9, hapo kliniki, mnalijua: maswali tisa, alama sifuri hadi 27. Watu hujumlisha, wakiona kumi na kuendelea wanashtuka, chini ya hapo wanamruhusu aende. Usifanye hivyo. Swali la tisa lisome peke yake. Ni lile la mawazo ya kujiumiza au kwamba ni heri ufe. Mtu anaweza kupata alama saba tu kwa ujumla na swali la tisa likawa "karibu kila siku". Huyo hatoki chumbani kwako hivi hivi. Uliza moja kwa moja, kwa Kiswahili cha nyumbani: umewahi kufikiria kujiua? Umefikiria kwa njia gani? Kuuliza hakumpi wazo. Na ujue watu wanaogopa kujibu kwa sababu ya sheria: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Nimekaa na familia iliyosema binti "alikosea dawa ya panya akidhani ni unga wa muhogo" wakati kila mtu chumbani, mpaka mtoto mdogo, anajua. Usiwabane kwa polisi. Wabane kwa matibabu.

Jingine, muulize mama kwa heshima kama binti amepelekwa kwa mganga au amenyweshwa kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa. Si kumcheka. Kombe la aya halina neno, ila kama kuna mizizi na unga wa kunywa, daktari anatakiwa ajue kabla ya kuandika vidonge.

Na kwa faida ya wengine: mkipata mtu anayeongea Kidigo au Kisambaa tu, msichukue wifi yake awe mkalimani. Niliwahi kuletewa mama wa Mkinga, mkalimani mke wa kaka yake. Kila nilichouliza kuhusu nyumbani kwake kilijibiwa na mkalimani kabla hajakitafsiri.

MamaWaWatatu:

Nimesoma. Haya, hospitali sawa. Lakini bado hamjanijibu mimi. Mama ana haki gani?

BiMstaafu:

MamaWaWatatu, mwenzangu, nami nina watatu, nakuelewa. Sikujibu kwa sababu ulisema ni ya Wazungu nikanuna kidogo. Hata siri ya mwari na somo wake wa unyagoni, ni ya Wazungu? Ulipochezwa wewe, mama yako alikuja kumwuliza somo umesema nini?

Binti huyo amevuka 18. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 si mtoto tena. Angekuwa na miaka 13 ningekwambia mzazi anakaa mezani siku ya kwanza, anatoa ridhaa, na hata hapo tunakubaliana watatu mbele ya mtoto nini kitafika kwa mzazi na nini hakitafika. Huyu wa sasa ridhaa ni yake. Akisema mama ajue, mama atajua, hata kila wiki. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mama ndiye analipa. Anayelipa na anayetibiwa si mtu mmoja, na hilo lisemwe mapema. Tena tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, habari za afya ya mtu zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo halijabaki kuwa jambo la adabu ya kazi peke yake.

Lakini siri ina ukingo wake, na hapa ndipo mzazi apumue. Mwaka 1969, huko California, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Prosenjit Poddar, alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba atamuua msichana fulani. Mwanasaikolojia hakukaa kimya, aliwaarifu polisi wa chuo. Wakamshika, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Hakuna aliyemwambia msichana wala wazazi wake. Tatiana Tarasoff aliuawa. Wazazi walishtaki, na mwaka 1976 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa, na kwamba siri inakoma pale hatari kwa watu inapoanza. Hukumu ile si sheria yetu, ila imefundisha dunia nzima namna ya kuongea siku ya kwanza. Mimi husema: "Utakayoniambia ni yako, isipokuwa nikiona unataka kujiua, au kumdhuru mtu, au kuna mtoto anadhurika. Hapo nitamwambia mtu, na nitakuambia wewe kwanza kwamba namwambia." Kwa hiyo mama yule akijua hilo, anajua kwamba kimya cha mtaalamu si cha hatari. Kinachobaki ni mambo ya binti na moyo wake, na hayo, MamaWaWatatu, hata sisi hatukuwaambia mama zetu.

MamaWaWatatu:

Hilo la somo umenipata. 😄 Ila ningekuwa mimi ningetega sikio ukutani.

BintiMkonge:

Nimeongea na mama leo, nimekaa mkeka ule ule. Nimemwambia kodi italetwa tarehe yake kama kawaida, na mimi siwezi kumtibu mtu ninayelala naye nyumba moja, kama vile daktari wa upasuaji asivyompasua nduguye. Nikamwambia nitawasindikiza Bombo nikiwa jirani, si mtaalamu. Kuhusu kumwambia anayosema binti, nimemweleza atakayemwona binti atawakalisha wote wawili siku ya kwanza. Hakupenda. Kaniuliza, "Sasa hiyo shule ulisomea nini?" Lakini asubuhi kagonga mlango, kauliza basi la kwenda Bombo ni lipi au tupande bajaji.

Binti mwenyewe nimeongea naye kidogo tu, ukumbini. Sikumhoji. Nimemuuliza kama anataka kwenda, akakubali kwa kichwa.

Swali la mwisho, Bi. Kliniki kabati la mafaili ni la kugombania, kwa hiyo daftari langu la wateja wengine huwa narudi nalo nyumbani. Funguo ya pili ya chumba changu anayo mama mwenye nyumba.

BiMstaafu:

Mwanangu! Daftari lisilale hapo hata leo.

Mwambie mkubwa wako kliniki, kwa maandishi, kwamba unahitaji droo moja yenye kufuli na funguo uwe nayo wewe na mtu mmoja wa akiba. Kufuli ni bei ya kilo ya sukari na chenji, akigoma nunua mwenyewe. Kwenye daftari tumia namba, majina yakae kwenye karatasi nyingine mahali pengine. Andika kilichofanyika, hatari uliyoiona, uliamua nini na kwa nini, na mlikubaliana nini. Yale ya wivu wa mume na jirani kama hayaingii kwenye tiba usiyaandike. Mwongozo wa APA wa kumbukumbu, wa 2007, unasema faili la mtu mzima litunzwe miaka saba baada ya huduma ya mwisho, isipokuwa kama sheria ya mahali inasema vingine, kwa hiyo usichome kitu kwa hofu.

Na huyo msimamizi wa simu "akipata nafasi" hatoshi. Wekeni siku na saa. Kisa kama hiki ulitakiwa kumpelekea yeye kabla yetu, sisi hapa ni watu wa jukwaa. Jumamosi nipo, ukitaka njoo Chumbageni tunywe chai. Kwangu ukuta unafika juu.

KijanaWaBaiskeli:

Kwa hiyo chumba hakuna?